Mgongo Hufungwa Kabla Mama Hajajua

Mwanamke ambaye hedhi yake huja kwa mpango huanza kushuku siku zikipitiliza. Husubiri siku mbili, tatu, pengine wiki nzima, akijiambia ni uchovu tu. Kisha hununua kipimo cha mkojo duka la dawa, au humnong'oneza dada yake. Kliniki ya wajawazito huja baadaye sana. Kwa akina mama wengi wa Tanzania na Kenya, hudhurio la kwanza huja baada ya miezi mitatu ya mwanzo kupita, tumbo linapoanza kujitokeza. Hapo hupimwa damu, presha na virusi vya Ukimwi, hupewa chandarua chenye dawa, na hutoka na vidonge vya kuongeza damu ambavyo wengi Tanzania wanavijua kwa jina la fefo. Ndani ya kila kidonge mna madini ya chuma na asidi ya foliki.

Vidonge hivyo vinamkinga mama na upungufu wa damu, na asiwepo wa kuviacha. Lakini ile kazi kubwa ambayo asidi ya foliki humfanyia mtoto, wakati wake umekwisha pita. Ubongo na uti wa mgongo wa binadamu huanza kama neli moja nyembamba, na neli hiyo hufungwa, au hushindwa kufungwa, kabla siku ya 28 tangu mimba kutungwa haijapita. Baada ya hapo hakuna kidonge kitakachorudi kuifunga.

Hesabu yenyewe inachanganya, na inafaa tuifanye pole pole. Kliniki huhesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo tarehe ambayo mama anaikumbuka. Mimba hutungwa wiki mbili hivi baadaye. Kwa hiyo siku ile hedhi inapotarajiwa na haiji, kiinitete kimekwisha kuishi takriban siku 14. Ikiwa mama ataiacha wiki moja ipite kwa kudhani mzunguko umevurugika, zimebaki siku saba tu neli ifungwe. Kadi ya kliniki ikisema mimba ina wiki sita, kazi imekwisha.

Twende basi tangu mwanzo, kwa maana siku hizi 28 zina mambo mengi kuliko miezi yote inayofuata.

Yai la mwanamke lina upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Likishatoka kwenye ovari hudakwa na mdomo wa mrija wa uzazi, na lina kama siku moja tu ya kurutubishwa. Mbegu za kiume ni stahimilivu zaidi: zaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano zikilisubiri. Mamilioni huingia, mia chache hufika kwenye sehemu pana ya mrija, na moja ikishapenya, ganda la yai hubadilika papo hapo na kuzizuia nyingine. Saa 24 hadi 30 baadaye seli hiyo moja hugawanyika kuwa mbili. Siku ya tatu huwa nane hivi. Katika siku hizo za kwanza kiinitete huongozwa na maagizo ambayo mama aliyahifadhi ndani ya yai tangu zamani. Jeni zake chenyewe, zilizochanganya ukoo wa baba na ukoo wa mama, huanza kushika usukani pale seli zinapofika nne hadi nane.

Siku ya nne au ya tano kinashuka kwenye tumbo la uzazi. Kimekwisha kuwa kifuko chenye maji, na kwa mara ya kwanza seli zimegawana kazi: za nje zitajenga kondo la nyuma, na rundo dogo la ndani litakuwa mtoto. Kiinitete hutoka kwenye ganda lake, na karibu siku ya sita au ya saba hugusa ukuta wa tumbo la uzazi na kuanza kujichimbia humo. Seli za nje hutoa homoni inayoifikia ovari kupitia damu ya mama na kuitaka iendelee kutoa projesteroni, ili ukuta usibomoke na hedhi isije. Homoni hiyo hiyo ndiyo inayonaswa na kipimo cha mkojo. Viinitete vingi haviwezi kufika hapa. Huharibika mapema, hedhi huja kwa wakati wake au huchelewa kidogo, na mwanamke hajui kwamba palikuwa na mimba.

Haya yamejulikanaje? Kwa sehemu kubwa, kupitia miili ya wanawake ambao vitabu vya kiada haviwataji. Kuanzia mwaka 1938, karibu na Boston nchini Marekani, madaktari John Rock na Arthur Hertig waliwaandikisha wanawake zaidi ya 200 waliokuwa wakisubiri kuondolewa tumbo la uzazi. Waliombwa waandike siku za hedhi na siku walizokutana na waume zao kabla ya upasuaji, kisha viungo vilivyoondolewa vilipekuliwa kwa darubini. Katika muda wa miaka 15 hivi, vilipatikana viinitete 34, vichanga kuliko vyovyote vilivyokuwa vimeonekana hadi wakati huo. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingepitisha utafiti wa namna hiyo. Hata hivyo michoro iliyotokana nao bado inafundishwa katika vyuo vya udaktari duniani kote, na naona ni haki kwamba yeyote anayeitazama ajue ilikotoka. Katika maabara ya Rock, Miriam Menkin ndiye aliyefanikiwa kurutubisha yai la binadamu nje ya mwili kwa mara ya kwanza, mwaka 1944. Miaka 34 baadaye, Julai 25, 1978, Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili, alizaliwa huko Oldham, Uingereza, kutokana na kazi ya Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy.

Kuzaliwa huko kulizua swali: kiinitete kilichotungwa maabara kiachwe kiishi humo kwa muda gani? Kamati iliyoongozwa na Mary Warnock nchini Uingereza ilipendekeza mwaka 1984 kwamba utafiti usivuke siku ya 14, na sheria ya mwaka 1990 ikakubali. Siku hiyo ilichaguliwa kwa sababu karibu na siku ya 15 mstari mwembamba hujitokeza katikati ya kiinitete. Kabla ya mstari huo, kiinitete kimoja bado kinaweza kugawanyika na kuwa pacha wa kufanana. Ukishatokea, pana kichwa na pana mkia, pana kulia na pana kushoto. Seli hutiririka kuelekea kwenye mstari, huzama chini yake na kupangika matabaka matatu. La juu litatoa ngozi na mfumo wa fahamu, la kati mifupa, misuli, moyo na damu, na la ndani utumbo, ini na mapafu.

Sasa tumefika wiki ya tatu, hedhi imechelewa siku chache, na mwenye mwili bado yuko kazini au shambani kama kawaida. Karibu siku ya 18 tabaka la juu linanenepa katikati na kuwa bamba. Fikiria jani changa la mgomba, lile linalochomoza likiwa limejisokota kisha likakunjuka juani. Hapa mambo huenda kinyume: bamba lililokunjuka hujikunja, kingo zake mbili huinuka, huinamiana na kukutana juu. Mshono wa kwanza hushika karibu na siku ya 22, mahali patakapokuwa shingo. Kutoka hapo kazi huenda pande zote mbili, juu kuelekea kichwani na chini kuelekea kiunoni. Tundu la juu huziba karibu siku ya 25. La chini huziba siku ya 27 au 28. Moyo nao umeanza kupiga karibu siku ile ile mshono wa kwanza uliposhika. Kiumbe chote kina urefu wa milimita nne au tano.

Kazi hii inahitaji seli zizaliane kwa kasi kubwa mno, na kila seli inayozaliwa inahitaji nakala mpya ya vinasaba vyote. Folati, vitamini ya kundi B ambayo katika vidonge huwa ni asidi ya foliki, ni mojawapo ya malighafi ambazo nakala hiyo haijengwi bila hizo. Ikipungua katika damu ya mama wiki hiyo, kingo zaweza kukosa kukutana. Upande wa juu usipofungwa, ubongo na fuvu haviumbiki, na mtoto hufa tumboni au saa chache baada ya kuzaliwa. Upande wa chini usipofungwa, mtoto huzaliwa na mgongo wazi: kidonda au kifuko chenye maji kiunoni, miguu isiyo na nguvu, mkojo na haja kubwa visivyozuilika. Wengi wao hujaa maji kichwani na kuwa na kile ambacho watu huita kichwa kikubwa. Kichwa kikubwa kina vyanzo vingine pia. Huko Mbale, Uganda, daktari wa upasuaji Benjamin Warf aligundua kwamba watoto wengi waliipata hali hiyo kutokana na maambukizi ya ubongo baada ya kuzaliwa, na akabuni njia ya kuwatibu wengi bila kuwawekea mpira wa kudumu wa kutolea maji.

Hapa nataka kusema jambo moja kwa uzito wote. Mtoto wa mgongo wazi anapozaliwa, mara nyingi maswali humwangukia mama. Amekula nini, amekanyaga wapi, nani amemroga, amevunja mwiko gani. Wapo waume wanaoondoka, na wapo mawifi wanaosaidia kumfungia mizigo. Lakini siku ambayo jambo hili lilitokea, mwanamke huyo alikuwa hajajua kwamba ana mimba. Alikuwa anateka maji, anauza genge, anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Hakuna alilolifanya na hakuna aliloliacha kwa makusudi. Mume aliyemhukumu alikula chakula kile kile, kutoka sufuria ile ile.

Ujuzi wa kuzuia ulijengwa taratibu na watu wa pande nyingi. Lucy Wills, daktari Mwingereza, alikuwa Bombay mwishoni mwa miaka ya 1920 akiwachunguza wanawake wajawazito wenye upungufu mkali wa damu, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo, na mwaka 1931 alieleza kwamba walipona kwa kupewa Marmite, kitoweo cha chachu kilichokuwa cha bei nafuu. Ndani yake mlikuwa na kirutubishi kisichojulikana bado. Mwaka 1941 watafiti wa Texas walikitenga kutoka kwenye tani za mchicha wa Kizungu na kukiita asidi ya foliki. Miaka ya 1960 Elizabeth Hibbard na Richard Smithells, wakiwa Liverpool, walianza kuhisi kwamba mama wa watoto wenye mgongo wazi wana upungufu wake. Mwaka 1980 Smithells na wenzake walitoa matokeo ya kutia moyo, lakini jaribio lao halikuwagawa wanawake kwa bahati nasibu, na wengi hawakusadiki.

Likaja jaribio la Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, likiongozwa na Nicholas Wald. Vituo 33 katika nchi saba, wanawake 1,817 ambao kila mmoja alikwisha kupata mimba yenye kasoro hii na alitaka mtoto mwingine. Wengine walipewa asidi ya foliki miligramu nne kila siku kabla ya kushika mimba, wengine hawakupewa. Mwaka 1991 jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake. Watoto 27 walikuwa wamepata kasoro, na kati yao sita tu walitoka upande wa waliopewa asidi ya foliki. Hatari ilikuwa imepungua kwa asilimia 72, na kuendelea kuwanyima wanawake wengine kusingekuwa utu. Mwaka uliofuata Andrew Czeizel na István Dudás wa Hungary walionyesha kwamba hata wanawake ambao hawajawahi kupata tatizo hulindwa na kiasi kidogo zaidi. Tangu hapo ushauri wa kawaida umekuwa huu: kila mwanamke anayetarajia kushika mimba ameze mikrogramu 400 kila siku, aanze angalau mwezi mmoja kabla, na aendelee hadi wiki ya 12.

Msomaji atauliza kama mchicha na maharage ya nyumbani havitoshi. Vinasaidia, na vyema vibaki mezani: mchicha, matembele, kunde, choroko, maharage, vyote vina folati ya asili. Ila folati hiyo ni dhaifu mbele ya moto. Mboga iliyochemshwa muda mrefu na maji yake kumwagwa imebakiwa na kidogo, na mwili hufyonza ile ya asili kwa kiwango pungufu kuliko ile ya kidonge au ya unga ulioongezwa virutubishi. Wala si kila mgongo wazi unatokana na lishe. Mwanamke mwenye kisukari kisichodhibitiwa yuko katika hatari zaidi, na vilevile anayetumia valproeti kwa ajili ya kifafa. Huyu asiache dawa ghafla, bali aonane na daktari kabla ya kushika mimba ili wabadilishe mapema.

Kuna jambo la mahindi pia. Aprili 1991, katika hospitali moja ya Brownsville, Texas, mpakani na Mexico, watoto watatu wasio na ubongo kamili walizaliwa katika saa 36. Uchunguzi uliofuata ulichukua miaka mingi, na mojawapo ya mambo yaliyotiliwa shaka ni fumonisini, sumu ya ukungu wa mahindi, kwa kuwa jamii ile huishi kwa mikate ya mahindi. Katika panya wa maabara sumu hiyo huzuia folati isiingie kwenye seli. Kwetu sisi tunaokula ugali mchana na usiku, kukausha mahindi vizuri na kutupa yale yaliyoota ukungu si suala la ladha peke yake.

Na unga ndio unaoweza kufika pale kidonge kisipofika. Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu lilitangaza mwaka 2022 kwamba karibu nusu ya mimba zote duniani hazikupangwa. Mwanamke ambaye hakupanga hawezi kuanza vidonge mwezi mmoja kabla, ila ugali na chapati alikuwa anakula. Afrika Kusini ililazimisha asidi ya foliki katika unga wa mahindi na wa ngano mwaka 2003, na kasoro za neli hii zikapungua kwa takriban asilimia 30. Tanzania ina kanuni za urutubishaji vyakula tangu 2011, Kenya ina sheria tangu 2012. Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi zote kufanya hivyo, na miongoni mwa walioupigia debe zaidi walikuwa madaktari wa upasuaji wa ubongo, watu ambao wamechoka kushona migongo iliyoweza kufungwa na unga.

Tatizo letu ni mashine ya kusaga. Kiwanda kikubwa cha unga wa pakiti hukaguliwa, lakini Mtanzania wa kijijini hubeba debe lake la mahindi hadi mashine ya jirani, na humo hakuna kinachoongezwa. Mradi wa Sanku umefunga kwenye mashine ndogo nchini Tanzania kifaa kinachopima uzito wa nafaka na kudondosha kiasi sahihi cha virutubishi, asidi ya foliki ikiwemo. Ni wazo zuri, kwa sababu linamfuata mlaji pale anaposaga. Halmashauri zinazotoa leseni kwa mashine zingeweza kulisukuma mbele zaidi kuliko mradi wowote.

Lakini kuna siku moja ambayo mfumo wetu wa afya tayari unaimiliki na hauitumii: siku ambayo mwanamke anakuja kutoa kijiti au kitanzi, au kuacha sindano, akasema sasa ninataka mtoto. Yuko mbele ya muuguzi, hajashika mimba, na amekuja kwa miguu yake mwenyewe. Ni siku ya kumpa asidi ya foliki. Vidonge hivi ni miongoni mwa dawa za bei ya chini kabisa dukani. Vivyo hivyo kwa wachumba wanaotakiwa na kanisa au msikiti wapime afya kabla ya ndoa, na kwa kungwi au somo anayekaa na bibi harusi kumfunda, na kwa mashangazi wanaoongoza kicheni pati. Kati ya yote anayoambiwa mwali kuhusu unyumba, hili lingechukua dakika moja.

Na kwa mama ambaye yuko wodini leo, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Mbale au kwingineko, akimuuguza mtoto aliyeshonwa mgongo, kipimo chake ni tofauti. Hatari ya mimba yake ijayo ni kubwa kuliko ya wenzake, hivyo hutakiwa miligramu nne au tano kwa siku kwa maelekezo ya daktari, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba nyingine. Maelekezo hayo yaandikwe kwenye karatasi ya kumruhusu kwenda nyumbani, pamoja na jina la dawa na kiasi chake, na baba wa mtoto asomewe akiwa amesimama hapo hapo.